Namna ya kukagua utendaji wa kituo cha polisi, kuanzia kaunta hadi ghala la vielelezo

Ukaguzi wa kituo cha polisi huharibika mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza. Wakaguzi wanaketishwa ofisini kwa mkuu wa kituo, wanakabidhiwa taarifa iliyochapwa vizuri, kisha siku zote zinazobaki wanazimalizia kuhakiki hesabu za taarifa ile. Iliandikwa na anayekaguliwa, kwa hiyo itakuonyesha alichotaka ukione. Njia inayozaa matunda ni kuchukua tukio moja moja na kulifuata kutoka mlalamikaji alipofika kaunta, kupitia madaftari yote linamopaswa kuacha alama, hadi mahakamani au kabatini lilikokwama. Daftari moja linaweza kupambwa. Kuoanisha madaftari matano yaliyojazwa na watu watano ni kazi ngumu mno kwa mtu anayeficha jambo.

Kabla ya kwenda

Kwa kituo chenye askari 40 hadi 60, tenga wakaguzi 4 na siku 3. Mmoja awe amewahi kupeleleza kesi, mmoja ajue mambo ya ghala na hesabu, na lazima awemo mwanamke, kwa sababu kuna mahabusu na walalamikaji ambao hawatasema lolote mbele ya wanaume peke yao. Asiwemo aliyefanya kazi kituoni hapo miaka ya karibuni, wala mwenye ndugu kituoni.

Barua ya mamlaka iseme wazi kwamba mnaweza kuingia chumba chochote, kufungua daftari lolote, kunakili, na kuzungumza na mtu yeyote faraghani. Itaje na funguo. Barua isiyotaja funguo hukutana na mtunza ghala ambaye ametoka kidogo na funguo zake, na akirudi jioni ghala limeshapangwa.

Kusanyeni mapema kumbukumbu ambazo kituo hakiwezi kuzigusa: orodha ya simu za dharura zilizoelekezwa kwao, kesi zilizofikishwa mahakamani, fomu za matibabu za polisi zilizojazwa hospitalini, malalamiko dhidi ya askari, orodha ya mishahara, na mafuta na risasi walizopewa kutoka ngazi ya juu. Hivi ndivyo vipimo vyenu. Chagueni kipindi cha miezi 6, mkiongezea siku 7 za mwisho kabla ya ziara.

Fikeni bila taarifa. Mahakama zikiwa hazikai mwishoni mwa wiki, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili ndio wakati mzuri kuliko yote: waliokamatwa Ijumaa bado wako ndani, maofisa wakubwa hawapo, na kituo kinaonekana kilivyo.

Saa ya kwanza

Mpangilio huu usibadilishwe, kwa sababu kila hatua inalinda inayofuata.

1. Andika saa mliyofika na muda uliopita kabla ya mtu wa kaunta kuwasikiliza.
2. Nenda moja kwa moja vyumba vya mahabusu, hesabu vichwa. Hesabu kwanza, daftari baadaye. Ukianza na daftari, mtu ambaye hakuandikwa atapata nafasi ya kutolewa mlango wa nyuma.
3. Piga mstari chini ya ingizo la mwisho la daftari la matukio, andika saa, weka saini. Fanya hivyo kwa daftari la mahabusu, la vielelezo (vitu vinavyotunzwa kama ushahidi), la silaha na la safari za gari. Kinachoandikwa baada ya hapo kitajulikana kimeandikwa mkiwepo.
4. Piga picha mita ya kilomita ya kila gari na pikipiki.
5. Ghala ambalo hamtalihesabu usiku huo lifungwe kwa lakiri yenu yenye namba, yaani kifungio kisichofunguka bila kuvunjwa.

Baada ya hapo ndipo mkae na mkuu wa kituo kueleza mlichokuja kufanya. Mheshimuni. Vituo vingi vinaendeshwa na watu waliochoka, wenye gari moja bovu na karatasi za kununua kwa fedha zao, na ukaguzi wenye dharau hauambiwi ukweli.

Kulisoma daftari la matukio

Hapa ndipo penye mavuno, kwa hiyo msiharakishe. Fungueni ukurasa mmoja na muusome kama mpelelezi anavyosoma eneo la tukio. Je, namba za matukio zinafuatana bila kuruka? Kurasa zimechapwa namba, na hakuna iliyochanwa kwenye mshono? Geuza ukurasa kwenye mwanga: herufi zilizobanwa kati ya mistari miwili, au ingizo lenye wino tofauti na la juu yake na la chini yake, ziliongezwa baadaye. Kosa likisahihishwa kihalali linakatwa kwa mstari mmoja unaosomeka, na saini pembeni. Karatasi iliyokwaruzwa au kupakwa rangi nyeupe iandikwe kwenye matokeo ya ukaguzi hata kama maelezo yake yanaridhisha.

Angalia saa. Matukio halisi hayaji kwa dakika za duara. Kurasa nzima ambazo kila saa inaishia na 00 au 30 zimejazwa zamu ilipokuwa inaisha, kwa kumbukumbu. Kituo kinachoandika kwa Kiswahili kina mtego wa ziada: "saa 3" ya askari mmoja ni asubuhi, ya mwingine ni usiku, na ya wa tatu ni 0300 kwa mtindo wa saa 24. Mtu aliyekamatwa "saa 3" anaweza kupoteza nusu siku ya kisheria kwa sababu ya tarakimu moja. Ulizeni kaunta wanatumia mtindo gani. Wasipokubaliana wenyewe kwa wenyewe, hesabu zenu za muda wa kizuizini zitegemee ushahidi mwingine.

Kisha tafuteni matukio yaliyopunguzwa uzito. Soma maingizo yote ya mali iliyopotea kwa miezi 6, neno kwa neno. "Amepoteza simu na pochi, ana jeraha kichwani" ni unyang'anyi uliovalishwa nguo nyingine. Hesabu mangapi yanataja jeraha, vitisho, au kukimbizwa, kisha gawanya kwa idadi yote. Shinikizo la takwimu ndilo linalozaa haya. Tangu New York ilipoanzisha mfumo wake wa CompStat mwaka 1994, ambao makamanda walihojiwa kila mara kuhusu idadi ya uhalifu katika maeneo yao, vikosi vingi duniani viliuiga, na pamoja nao ikaja hofu ya namba zinazopanda.

Yapo pia matukio ambayo hayakuandikwa kabisa, na hayo hayamo daftarini. Chukueni fomu za matibabu za hospitali na orodha ya simu za dharura, muulize kila moja: ingizo lake liko wapi? Wakaguzi wa polisi wa England na Wales walipofanya kazi ya namna hii mwaka 2014 walikadiria kwamba asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa kwa polisi hayakuandikishwa kama uhalifu. Kwa makosa ya kingono ilikuwa asilimia 26, na ya ukatili wa kimwili asilimia 33. Vilikuwa vikosi vyenye kompyuta. Kwa kituo cha daftari na kalamu, kipimo hiki kisikosekane.

Kufuata mafaili

Mkiwa na matukio 600 ya miezi 6, chukueni kila la 20 mkianzia namba iliyopatikana kwa bahati nasibu kati ya 1 na 20. Mtapata 30. Msikubali kuchaguliwa majalada, hata kwa nia njema ya kuwaokolea muda. Pembeni ya hayo 30, chukueni yote ya aina zenye hatari kubwa: ubakaji, ukatili wa nyumbani, vifo mikononi mwa polisi, mahabusu waliotoroka, na malalamiko dhidi ya askari. Matokeo ya kundi hili yaripotiwe peke yake, yasichanganywe na ya bahati nasibu.

Kwa kila jalada jibuni: tukio lilipewa mpelelezi siku ya ngapi? Maelezo ya mlalamikaji yaliandikwa lini? Eneo la tukio lilitembelewa, na mchoro upo? Mashahidi waliotajwa walihojiwa? Mlalamikaji aliarifiwa maendeleo, lini, na nani? Msimamizi alitoa maelekezo gani?

Swali hilo la mwisho lina siri kubwa. Msimamizi anayesoma majalada huandika mambo kama "Mhoji mlinzi wa usiku, chukua orodha ya walioingia getini, nirudishie Alhamisi." Asiyesoma huandika "Endelea na upelelezi" na kuweka saini. Maneno hayo matatu yakijaa kwenye jalada baada ya jalada, mmepata chanzo cha kesi kukwama, na mara nyingi msimamizi ana sababu ya kueleweka: gawanyeni majalada yaliyo wazi kwa idadi ya wapelelezi wanaofanya kazi kweli. Mpelelezi mwenye majalada 90 hachunguzi, anahamisha karatasi.

Tahadhari ya hesabu. Majalada 6 mabovu kati ya 30 ni asilimia 20, lakini kwa sampuli ndogo hivyo hali halisi ya kituo inaweza kuwa popote kati ya asilimia 8 na 38 hivi. Inatosha kusema tatizo lipo. Haitoshi kusema kituo hiki ni kibaya kuliko jirani yake chenye asilimia 13, na anayepanga vituo kwa namba kama hizo anawaonea watu.

Mahabusu

Linganisha hesabu ya vichwa na daftari. Wakizidi, fahamu nani hakuandikwa na kwa nini. Wakipungua, aliyeandikwa yuko wapi?

Muda wa kizuizini uhesabiwe tangu mtu aliponyang'anywa uhuru wake, hata kama aliandikwa kituoni saa nyingi baadaye. Ujanja wa kawaida ni kumweka mtu kituo kidogo au ndani ya gari, kisha kumwandika kesho yake ili saa zianze upya. Oanisha kijitabu cha askari aliyekamata, daftari la safari za gari, maelezo ya mtu mwenyewe na ya ndugu zake. Ujanja mwingine ni kumwachia mtu kwenye karatasi na kumkamata tena dakika chache baadaye.

Pima vyumba kwa futi kamba. Kamati ya Baraza la Ulaya ya kuzuia mateso inatumia kama mwongozo mita za mraba 7 kwa mtu mmoja anayelala, mita 2 au zaidi kati ya kuta, na mita 2.5 kutoka sakafu hadi dari. Kama sheria yenu ina kipimo chake, kitumieni hicho. Kama haina, andikeni mita na idadi ya watu na kuacha msomaji ajionee. Angalia maji ya kunywa, choo, hewa, mwanga wa kutosha kusomea, na kitu chochote ambacho mtu aliyekata tamaa anaweza kufungia shuka. Wanawake wawe mbali na wanaume, watoto mbali na watu wazima. Muulize askari wa zamu amewaangalia mara ya mwisho lini, halafu muulize mahabusu.

Zungumza na kila mmoja aliyemo, hata kama ni dakika tatu tatu. Ukimwita mmoja tu, umemtia alama mgongoni. Kaeni mbali na masikio ya askari, msiandike jina mbele ya watu, na mpange namna ya kumfikia tena baada ya siku chache kujua kama alilipiziwa. Kama hamna uwezo wa kurudi kumwangalia, msimsukume kueleza yanayoweza kumponza.

Kuna mambo hayasubiri ripoti: mtu aliyepitisha muda wa kisheria, majeruhi asiyepata daktari, mtoto aliyechanganywa na watu wazima, silaha isiyoonekana. Haya yanaandikwa na kukabidhiwa kwa mkuu wa kituo na kwa bosi wake saa hiyohiyo, na mkaguzi mmoja anabaki hadi hatua ichukuliwe.

Vielelezo na silaha

Ghala la vielelezo hukaguliwa kwa njia mbili. Chagua vitu 15 daftarini, uonyeshwe rafuni. Kisha chagua 15 rafuni, uonyeshwe daftarini. Njia ya kwanza inafichua vilivyopotea. Ya pili, ambayo wakaguzi wengi huiruka, inafichua vilivyokamatwa bila kuandikwa, na hivyo ndivyo rahisi kuuzwa.

Fedha zihesabiwe mbele ya mashahidi wawili, na namba za noti zilinganishwe na zilizoandikwa siku ya ukamataji. Noti tofauti zenye jumla ileile zina maana mtu alizikopa akazirudisha. Dawa za kulevya zipimwe kwa mizani yenu, mkianza na jiwe la mizani lenye uzito unaojulikana. Bangi iliyokamatwa ikiwa mbichi hukauka na kupungua uzito sana, kwa hiyo msikimbilie kumshuku mtunza ghala; tazameni lakiri kwanza. Mfuko wenye lakiri nzima uliopungua uzito una maelezo ya kawaida. Unga mkavu uliopungua, au lakiri mpya juu ya gundi ya zamani, hauna.

Kwa silaha, askari afungue na kuhakikisha ziko tupu, mkaguzi mmoja asome namba kwenye chuma kwa sauti, mwingine aweke alama kwenye orodha iliyotoka makao makuu. Msisome kutoka orodha kwenda kwenye silaha; macho huona yanachotarajia. Hesabuni risasi moja moja. Halafu linganisheni daftari la kutoa silaha na ratiba ya zamu na likizo. Saini ya askari aliyekuwa likizo siku hiyo ni jambo la kushughulikia kabla ya jua kuzama.

Doria na mwitikio

Mafuta husema ukweli. Gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100, likiwa limepewa lita 10, haliwezi kufanya doria ya kilomita 180 usiku mmoja. Chukua wiki nne, jumlisha kilomita zilizoandikwa, jumlisha lita, gawanya. Kisha linganisha na mita mliyoipiga picha usiku wa kwanza na usomaji wa siku ya tatu.

Kwa muda wa kufika eneo la tukio, msitumie wastani peke yake. Chukua miito kumi iliyohudumiwa kwa dakika 6, 7, 8, 8, 9, 11, 12, 14, 15 na 190. Wastani ni 28, muda ambao hakuna hata mmoja kati ya walioita aliyeuona. Namba ya katikati ni 10, na ndiyo inayoeleza huduma ya kawaida. Ule wa 190 uchunguzwe kwa jina lake, kwa sababu kuna mtu alisubiri saa tatu. Ripotini pia ni miito mingapi haina saa ya kufika kabisa. Lengo likiwa dakika 15, na robo nzima ya miito yote ikawa imefikiwa dakika ya 14, kalamu imesaidia gari.

Orodha ya mishahara ilinganishwe na watu mnaowaona kwa macho katika zamu zote tatu. Majina yasiyo na miili ni askari hewa, lakini ulizeni kwanza kabla ya kuandika neno hilo: wengine wameazimwa kulinda ofisi na nyumba za wakubwa, na hilo nalo ni tokeo la ukaguzi.

Kuwasikia waliohudumiwa

Pigieni simu walalamikaji 20 kutoka sampuli ya bahati nasibu. Maswali manne yanatosha: ulisubiri muda gani, ulichosema ndicho kilichoandikwa, uliombwa fedha au mafuta au karatasi, na kuna aliyekurudia kukueleza chochote? Kwa aliyeripoti ukatili wa nyumbani, anza kwa kuuliza kama anaweza kuongea sasa, usiache ujumbe, wala usijitambulishe kwa mwingine atakayepokea. Simu ya mkaguzi inaweza kusababisha mtu apigwe usiku huo.

Askari wa vyeo vya chini wahojiwe mmoja mmoja, bila bosi. Waulize wananunua nini kwa fedha zao. Jibu hilo huonyesha mianya ya rushwa inaanzia wapi kuliko swali la moja kwa moja kuhusu rushwa.

Kuandika matokeo

Idadi ya watu waliokamatwa haipimi utendaji. Hupanda kwa msako mmoja wa kukamata yeyote. Ripoti za ukatili wa nyumbani zikiongezeka huenda watu wameanza kukiamini kituo. Kila namba iandikwe pamoja na maelezo ya ilivyopatikana.

"Utunzaji wa vielelezo hauridhishi" ni sentensi isiyomfaa mtu. Andika hivi: "Kati ya vitu 15 vilivyochaguliwa rafuni, 4 havimo daftarini. Ufunguo mmoja unatumiwa na askari 6, na hakuna daftari la kuingia ghalani. Mkuu wa kituo aweke ufunguo kwa mtu mmoja na msaidizi wake, na afungue daftari la kuingia, ndani ya siku 7." Hapo kuna ulichoona, chanzo, mhusika na tarehe. Chanzo kisipotafutwa, kila pendekezo litakuwa mafunzo, hata pale tatizo lilikuwa kitasa.

Rasimu apewe mkuu wa kituo kwa siku 10 za kazi, asahihishe makosa ya ukweli tu. Akileta ushahidi, badilisheni. Akileta maombi, yaambatanishwe kama maoni yake.

Baada ya siku 90 rudini, na mrudie vipimo vilevile kwa sampuli mpya: vitu 15 vya rafuni, hesabu ya vichwa, kurasa za mali iliyopotea, mita ya gari. Barua ya "mapendekezo yote yametekelezwa" isipokelewe badala ya ziara hiyo. Na kabla ya kuingia ofisini, mtafuteni yule mahabusu mliyeahidi kumfuatilia.